Kutoka Luano mpaka ku theluji: vile unafikisha vyombo vyako vya ski bila kulia njiani

Mtoto wa yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) aliniita kwa simu wiki mbili zimepita, furaha imemjaa mpaka sauti inakatika, eti amepata likizo ya mwezi wa pili na wenzake wa kazi wanaenda Val Thorens kule Ufaransa kuteleza ku theluji, na pale pale akauliza: "Papa mudogo, zile ski zako ziko tu mu depo, naweza kuzibeba?" Nikamwambia ngoja kwanza, kaa chini, hii si kintu ya kubeba sawa gunia ya bunga. Nikaanza kumuandikia mesaji, mesaji ikarefuka, ikarefuka tena, basi naiweka hapa yote juu najua hayuko peke yake, siku hizi wako Walushois (watu wa Lubumbashi) wengi wenye wanasoma ama wanatembea Ulaya na wanarudi na mapenzi ya ajabu ajabu.

Mimi nilisoma miaka mine Grenoble, pale ndo nilijifunza, nikanunua vyombo vya mkono wa pili na nikarudi navyo Lubumbashi, mama akaniuliza nitateleza wapi, ku mlima wa taka za migodi ya Gécamines? Theluji yetu wenyewe Wakongomani iko, iko Ruwenzori ku kilele cha Margherita mita 5,109, lakini kule hakuna teleferiki (gari la kamba la kukupandisha), unapanda na miguu siku kadhaa mu matope, na kutoka huku kwetu kufika kule Beni ni safari yenye inachosha kuliko kwenda Geneva. Kwa hiyo ski zangu zinasafiri. Zimetoka L'shi, yaani Lubumbashi, mara tatu, mbili Ufaransa na moja Lesotho, na mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu.

Amua kwanza nini kinasafiri na nini kinabaki

Nianze na jambo lenye watu wanakataaga kusikia. Chombo cha maana cha ski ni kiatu. Zile mbao mbili za chini ni mbao, unazikuta popote penye theluji, zimenolewa, zimepakwa nta, pengine nzuri kuliko zako. Lakini kiatu cha ski ni gamba la plastiki ngumu na soksi nene ndani yake yenye inachukua umbo la mguu wako polepole, siku kwa siku, na kiatu cha kukodi chenye kimevaliwa na miguu ya watu mia mbili kitakumaliza.

Najua juu kilinimaliza. Safari ya kwanza niliweka viatu ndani ya mfuko mmoja na ski, yote chini ya ndege. Nilikuwa nimenunua tike mbili tofauti kwa sababu ya bei, moja ya kufika ku eskale (mahali pa kubadilisha ndege) na ingine ya kuendelea, na etiketi ya bagaji iliishia ku eskale, mimi sikuangalia. Nikafika na mfuko wa mgongo na basketi miguuni, nje iko digri kumi chini ya sifuri, ski zangu zinazunguka peke yake ku uwanja wa ndege wa watu. Siku mbili. Kampuni sitaitaja, na kwa ukweli kosa lilikuwa langu nusu nzima. Nikakodi viatu, jioni ya siku ya kwanza kucha cha dole gumba kilikuwa cheusi, siku ya pili sikuvaa kiatu. Ski zilipofika nilikuwa nimekaa ku dirisha nakunywa chokoleti ya moto ya euro nyingi naangalia watoto wa miaka mitano wanashuka mlima.

Kwa hiyo kanuni yangu: viatu, kaske (kofia ngumu), glavu, miwani ya theluji na nguo moja ya baridi vinapanda na weye juu, mu kabini. Kabisa. Jozi ya viatu vya ski ni kama kilo nne mpaka tano, na kampuni nyingi zinaruhusu kilo saba ya mkono, ile kilo mbili zinabaki tia ndani ya viatu vyenyewe: soksi, glavu, chaja. Ukiona mizani itakushinda, funga viatu kwa kamba zake uvivalishe shingoni ama ku mfuko wa mgongo, na koti kubwa uvae mwilini, utatoka jasho Luano, uwanja wetu wa ndege, lakini jasho halilipiwi.

Ski zenyewe je? Piga hesabu bila mapenzi. Ingia ku intaneti ya magazini (duka) moja ya kukodisha kule unaenda, angalia bei ya siku sita (ukiagiza mbele inakuwaga chini kuliko kufika na kuomba pale pale), weka pembeni. Kisha andika: bei ya bagaji ya ziada kwenda, bei ya kurudi, teksi kubwa yenye inaweza kuingiza mfuko wa mita moja na themanini, na mishipa yako ya kichwa. Kwa wiki moja, kukodi inashinda karibu kila mara. Kubeba ski inaanza kuwa na akili ukienda wiki mbili tatu, ama tike yako inakupa bagaji mbili na moja iko wazi, ama uko mtu wa ski za namna ya pekee zenye hazikodishwi. Mtoto wa yaya nilimwambia nunua viatu vyako ubebe, mbao ukodi. Alinuna kidogo juu alitaka zile picha za kutembea na ski begani mu Luano.

Wengine wananiuliza kuhusu kuzituma mbele kwa fret ya ndege (mzigo unasafiri peke yake bila weye). Shida ni kwamba mizigo mirefu hawapimi kilo tu, wanapima nafasi. Mfuko wa sentimita 180 kwa 30 kwa 15, zidisha unapata 81,000, fret ya ndege inagawanya kwa 6,000, inatoka kilo 13 na nusu, na kampuni za kurusha vifurushi haraka nyingi zinagawanya kwa 5,000, inatoka kilo 16 na kidogo. Mfuko wenyewe mu mizani pengine ni kilo tisa. Unalipia hewa. Na kule mbele kifurushi chenye kinaingia bila mwenyewe kinakuwa mambo ya dwani (forodha), karatasi juu ya karatasi, wakati chombo chenye kinaingia mkononi mwa msafiri kama kitu chake cha michezo na kitarudi naye hakileti shida. Achana na fret.

Soma tike kabla ya kulipa

Kama bado unataka kubeba ski, hapa ndo pesa inapotea ama inabaki. Bagaji ya kawaida ku ndege nyingi ni kilo 23 na vipimo vitatu ukijumlisha (urefu, upana, unene) visipite sentimita 158. Mfuko wangu ukijumlisha ni 225. Yaani kwa kanuni ya kawaida ni mzigo wa kupita kipimo na unalipia faini. Lakini kampuni nyingi ziko na kanuni ya pembeni ya vyombo vya michezo yenye inasema ski inahesabiwa sawa bagaji moja ya kawaida hata ikiwa ndefu, mradi kilo zisipite, na mara ingine mfuko wa ski pamoja na mfuko wa viatu vinahesabiwa kimoja. Tafuta huo ukurasa. Usiulize wakala wa mjini kwa mdomo, atakuambia "hakuna shida" juu anataka kuuza.

Vile nafanyaga mimi: nanunua tike moja tu mpaka mwisho wa safari, hata ikiwa bei imepanda kidogo, kisha siku hiyo hiyo naandikia kampuni nikiwapa urefu na kilo ya mfuko, naomba waandike ku tike yangu kwamba kuna ski. Ndege ndogo zenye zinakuja huku kwetu tumbo lake si kubwa, kama hawajui wanaweza kuuacha mfuko Luano na kukutabasamia. Jibu lao nalichapisha ku karatasi. Simu inazimika, karatasi haizimike. Kama ku safari yako kuna kampuni mbili mu tike moja, uliza kanuni ya nani inafuatwa, juu ile ya pili ikiwa kali kuliko ya kwanza utajua ukiwa tayari eskale.

Na usipite kilo 32 ku mfuko mmoja hata ukiwa na pesa ya kulipa, uwanja mwingi wa ndege hawapokei zaidi ya hapo, ni juu ya migongo ya wale vijana wenye wanabeba.

Mfuko: nenda Soko ya Kenya

Mifuko ya ski ya kununua Ulaya ni mizuri lakini ya magurudumu ni mizito, inakula kilo tatu nne kabla hujaweka kitu. Wangu nilishonewa hapa. Nilipeleka ski moja (moja tu, kwa kipimo) kwa fundi mmoja wa Soko ya Kenya, ile ya komini ya Kenya hapa Lubumbashi, mwenye anashonaga turubai za magari ya mizigo, akailaza ku meza, akaigeuza, akapitisha dole ku ukingo wa chuma, akanyamaza. Kisha: "Mukubwa, hii ni ya kupasulia nini?" Nikamwambia ni ya kuvaa miguuni na kuteleza. Akaangalia miguu yangu. Mtu wa cherehani ya pembeni akasema kwa sauti ya chini eti hii ni mambo ya lodge (vyama vya siri), watu wote wakacheka. Lakini kazi alifanya safi: turubai ya bluu mbili mbili ku ncha zote mbili juu ndo mahali mfuko unaburuzwa, mkanda wa kiti cha gari umezunguka chini mpaka juu kama mshipi ndo ukinyanyua uzito usivute mshono, zipu ndefu ya hema, na masikio mawili ya kushikia. Haifiki kilo moja. Mwambie aongeze sentimita kumi juu ya urefu wa ski yako, si zaidi, ikizidi ski inacheza ndani na inatoboa.

Kufunga sasa, taratibu. Ski zikauke kabisa. Ziunganishe tumbo kwa tumbo, zile breki ndogo za chuma za pembeni zipishane, funga na mkanda wa mpira chini na juu. Katikati ya tumbo mbili tia kitambaa, ukingo wa chuma ukisugua tumbo la mwenzake unachora. Ukingo wenyewe pakaa mafuta kidogo ya cherehani, Lubumbashi mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu ni mvua, hewa yenyewe iko maji, chuma kinashika kutu siku mbili. Fimbo zinaingia hapo hapo kandokando, usijaribu kuzipandisha kabini, watakunyang'anya. Ncha za mbele na za nyuma nazivalisha vipande vya soksi nene za zamani, kisha suruali ya theluji na koti la pili nalizungusha ku vile vifungio vya kubana kiatu, juu ndo mahali panajitokeza na ndo panagongwa. Nguo inalinda ski, ski inabeba nguo, valizi moja inabaki nyumbani.

Vitu vidogo vyenye vinafungisha watu: maji ya kusafishia nta ni ya kuwaka moto, hayapandi ndege kabisa, wala juu wala chini. Nta yenyewe ngumu sawa kipande cha sabuni haina shida. Betri za akiba za zile glavu na soksi za kupasha moto ni lithiamu, zinakaa kabini na weye, kamwe mu mfuko wa chini. Na wale wenye wako na ule mfuko wa mgongo wa kupuliza hewa wakati theluji inaporomoka, ile chupa yake ya gesi inataka ruhusa ya kampuni mbele ya safari, omba pamoja na ile barua ya ski.

Kabla ya kufunga zipu piga picha: ski zimelala, namba yake ya kiwandani (imechorwa ku ubavu ama juu karibu na vifungio), mfuko umefungwa, na mizani inaonyesha kilo. Ndani ya mfuko tia karatasi yenye jina lako, simu, na adresi ya hoteli ya kule na tarehe zako. Etiketi ya nje inang'oka, ya ndani inabaki.

Siku ya Luano

Fika masaa mane mbele. Si masaa matatu. Weka tayari Go-Pass yako (kodi ya uwanja wa ndege, ya safari ya inje), kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano, na ile barua ya kampuni juu kabisa, sawa kadi ya turufu.

Ile dwani, watu wanaiogopa bure. Shida si kutoka na ski, shida ni kurudi nazo, mtu atakuuliza hiki kipya umenunua wapi na umelipia nini. Mimi naandika mwenyewe orodha ya vyombo na namba zake, nakala mbili, nafika ku ofisi yao kabla ya kupeleka bagaji, naomba waone na wapige muhuri. Mara ya kwanza yule papa alifungua zipu nusu, akaona chuma, akarudi hatua moja nyuma. "Muntu yangu, ile ni bunduki?" Nikaitoa yote, nikaivalisha hapo hapo ku kiatu, pa sakafu, klak, akapenda ile sauti ya klak mpaka akaita mwenzake, nikafanya tena. Muhuri ulipigwa bila makuta, bila kutoa pesa. Ushauri wangu: usiwe mkali, uwe mwalimu. Mwite shefu, onyesha, acha washike. Dakika tano za kuonyesha zinakuepusha saa moja ya kubishana.

Ku mizani, ukishapimwa, usiondoke. Soma ile etiketi wenye wamefunga. Herufi tatu za juu kabisa lazima ziwe za uwanja wako wa mwisho: Geneva ni GVA, Lyon ni LYS, Paris Charles de Gaulle ni CDG. Ukiona ADD ama NBO peke yake maana yake mfuko unashukia Addis ama Nairobi na weye unaendelea. Hapo ndo nilifia mimi. Kataa kwa upole, mwambie mama wa ku meza aangalie tena tike. Kile kipande cha etiketi wanachokupa kibandike nyuma ya pasipoti, si mu mfuko wa suruali.

Kushuka na kutafuta

Kule mbele ski hazitokei ku mkanda wenye valizi zote zinatokea. Ziko na mlango wake wa mizigo mirefu, uliza. Watu wanangoja saa nzima ku mkanda wanalia eti zimepotea, kumbe ziko pale pembeni zimesimama ukutani zinawangoja wao.

Kama kweli hazijafika, usitoke nje ya ile sali ya bagaji. Nenda ku meza ya bagaji, jaza fomu ya kupotea, inaitwa PIR, wanakupa namba, na ile picha yako ya mfuko wa bluu inafanya kazi hapa juu "mfuko mrefu mweusi" wako nayo mia. Wape adresi ya hoteli kule mlimani, wataleta wenyewe. Tunza risiti ya kila kitu unakodi ama kununua kwa kungoja. Mkataba wa Montreal wa usafiri wa ndege, na Kongo yetu imo, unasema malalamiko ya kuharibika yaandikwe ndani ya siku 7 tangu upokee bagaji, ya kuchelewa ndani ya siku 21, na malipo yanaweza kufika mpaka 1,519 ya ile pesa ya hesabu ya IMF, karibu dola 2,000 hivi. Si kwamba wanakupa zote, wanakupa yenye umethibitisha. Mimi mara ile sikuwa na risiti hata moja.

Kutoka uwanja mpaka ku mlima

Hii ni rahisi kuliko yote ya nyuma, nitapita haraka. Kwa Val Thorens na jirani zake treni inafika mpaka Moûtiers, kisha basi linapanda. Ukienda Chamonix, Geneva ndo karibu, saa moja na nusu ya barabara. Mu treni za Ufaransa ski ziwe ndani ya mfuko na jina lako nje, mu treni za Uswisi watu wanaingia nazo mkononi tu. Ukichukua yale mabasi madogo ya kushirikiana andika wakati wa kuagiza kwamba uko na ski, yako yenye yanalipisha na yako yenye hayalipishe. Na angalia saa ya ndege: Jumamosi mu mwezi wa pili ni siku ya likizo za shule za kule, Wafaransa wote wanapanda mlima siku moja, barabara ya Tarentaise, lile bonde la kupandia kule, inafunga sawa mpaka wetu wa Kasumbalesa.

Jambo la mwili. Val Thorens kijiji chenyewe kiko mita 2,300. Lubumbashi tuko kama 1,200. Siku ya kwanza kunywa maji, lala mapema, usione aibu kupumzika.

Ku magazini, usiku ule wa kwanza

Hata kama umebeba ski zako, pitisha magazini wakaguze vifungio. Vifungio ndo vinaachia mguu ukianguka, vikikaza sana goti linakatika, vikilegea ski inakutoka ukiwa mu mwendo. Zimekaa mwaka mu depo ya joto la L'shi, zimetupwa mu ndege tatu, usiamini namba yenye uliiacha mwaka jana. Wanakuuliza urefu wako, kilo zako, miaka, vile unateleza, na urefu wa soli ya kiatu kwa milimita, imeandikwa ku kisigino ama ubavuni, changu ni 315. Sema kilo za kweli. Hapa si mahali pa heshima.

Na weye mwenye unakodi mbao kwa viatu vyako, jambo moja lenye lilinishangaza: soli za viatu si namna moja siku hizi. Iko ile ya zamani bapa na ngumu, na iko ile ya GripWalk yenye imepindika kidogo na mpira chini ndo utembee vizuri. Vifungio vya zamani havikubali soli ya GripWalk. Mu magazini watajua wakikiona, kwa hiyo fika na kiatu mkononi, usifike na namba mu simu.

Kama unaenda Lesotho

Watu hawaamini nikisema unaweza kuteleza Afrika yetu hii bila kupita bahari. Afriski iko mu milima ya Maluti, Lesotho, juu zaidi ya mita 3,000, mteremko mkubwa ni kama kilomita moja, theluji nyingi wanaitengeneza na mashine, na inafunguka mwezi wa sita mpaka wa nane, ndo kiangazi chetu wakati asubuhi L'shi nzima imevaa makoti. Unaruka mpaka Johannesburg, kisha gari masaa matano hivi, unapita Fouriesburg, mpaka wa Caledonspoort, Butha-Buthe, kisha unapanda kona za Moteng, na hapo usiangalie chini.

Jambo moja la viza, lina uchungu: Lesotho yote imezungukwa na Afrika Kusini. Ukiingia Lesotho umetoka Afrika Kusini. Kama viza yako ya Afrika Kusini ni ya kuingia mara moja, umekwama mlimani na ski zako. Omba ya kuingia mara nyingi, na ya Lesotho yenyewe uliza mapema.

Mimi kule nilienda na basi, si ndege, nilisema ski ndani ya basi hazina kilo. Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge. Ku kila mpaka mfuko ulishushwa, ulifunguliwa, nikafanya klak. Chirundu jua liko kali mpaka lami inalainika, mimi nimesimama na ski mkononi naeleza theluji kwa kijana wa dwani mwenye anajipepea na kofia. Nilifika nimechoka, viatu viko sawa, ski moja imepata alama ya chuma cha mtu mwenye alinunua jenereta. Kisha nikakuta Afriski wanakodisha kila kitu, pale pale chini ya mteremko. Basi la kurudi nilitafakari sana. Kule Lesotho nenda na viatu tu, sitarudia.

Kurudi na kutunza

Usifunge ski zikiwa na theluji. Asubuhi ya mwisho wacha zisimame ndani, panguza, pakaa mafuta ku ukingo, kisha mfuko. Luano toa ile orodha ya muhuri kabla hawajakuuliza.

Nyumbani fungua mfuko siku hiyo hiyo hata ukiwa na usingizi. Viatu ondoa ile soksi ya ndani, ianike kivulini siku mbili, si ku jua. Kisha irudishe na funga vifungo vya kiatu kwa kulegea, ukiacha wazi gamba linapanuka na mwaka unaofuata halifungi. Na usiweke viatu chini ya mabati, plastiki ile na joto na unyevu wa miaka inaoza ndani kwa ndani, kwa macho inaonekana nzima, siku unakanyaga inapasuka. Rafiki yangu wa Bel Air vyake vilipasuka sebuleni, alikuwa anaonyesha wageni tu. Vyangu viko chumbani chini ya kitanda, upande wa ukuta wenye hauoni jua, mke wangu analalamika kila akifagia, na sasa mtoto wa yaya ametuma picha ya viatu vyake vipya na kuuliza kama na yeye anaweza kuviweka hapo.